Baba Aliyetolewa Kwenye Sinema

Ubishi wetu ulianza kwa sababu mimi na baba tuliijua hadithi moja kwa njia mbili. Mimi nilikuwa nimeisoma, yeye alikuwa ameitazama.

Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimetoka Kawangware, ninakofundisha katika shule ndogo ya msingi, nikaenda mtaa wa Gatwekera, Nairobi hapa hapa, kumsalimia baba baada ya ibada, kama ilivyokuwa kawaida yangu. Nilimkuta ameketi mlangoni kwake, shati la kanisani ameshalivua na kulitundika, kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa nimemletea ndizi, na ili nizifikie mkobani ilibidi kwanza nitoe kitabu. Akaliona jalada, akatabasamu.

"Hiyo nimeiona," akasema.

"Kitabu hiki umekiona wapi, Baba?"

"Si kitabu. Sinema yake. Huyo msichana ndiye huyo huyo. Anawatoroka na pikipiki."

Nikamwambia hakuna pikipiki hata moja kwenye kitabu kile. Akaniangalia kwa huruma.

"Mama," akaniambia, maana huniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mamake, "mimi nimeona kwa macho yangu. Pikipiki iko. Tena nyekundu."

Mwaka huo kila kijana aliyependa kusoma alikuwa na kitabu kile, au alikuwa kwenye foleni ya kukiazima. Mimi nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, kimekunjika pembe zote. Kinasimulia jiji lililozungushiwa ukuta baada ya ukame mrefu. Wakubwa wa jiji ndio wenye maji, na kila mtoto akifikisha miaka kumi na sita hunyweshwa kikombe cha dawa ya kumsahaulisha watu wa kwao, ili asiwe na wa kumtii ila jiji. Msichana mmoja anaibana dawa mdomoni, anaitema wakimpa kisogo, kisha anaishi miongoni mwa waliosahau akijifanya amesahau. Nilikipenda kitabu kile hadi nikawa ninapunguza mwendo kila nilipokaribia mwisho. Sinema ilipotoka niliitazama kwa simu ya rafiki, nikakasirika, nikadhani yameishia hapo.

Kumbe baba alikuwa ameshaiona kwenye video ya Laini Saba, si mbali na kwake. Hilo ni banda la mabati karibu na reli, lenye mabenchi na televisheni kubwa. Siku nyingi huonyesha mpira, lakini Jumamosi mchana huwa sinema, na sinema zenyewe huwa na mtangazaji. Alikuwa kijana mwembamba kutoka magharibi mwa nchi kama sisi, anayepunguza sauti ya Kizungu na kuingiza ya kwake kwa kipaza sauti. Watu walimwita Dijei. Hakuwa anatafsiri tu. Mkubwa wa jiji alimpa sauti ya landilodi anayedai kodi, askari wakawa makanga wa matatu, na msichana akamfanya azungumze kama mtoto wa kwetu aliyekulia kwenye mashamba ya miwa.

Kwa hiyo baba aliponisimulia sinema, alinisimulia ya Dijei.

"Msichana akamwambia yule mkubwa, 'Wewe, maji si ya babako!' Watu walipiga makofi mpaka mwenye banda akaja kuangalia kama benchi limevunjika."

"Hasemi hivyo, Baba. Hiyo ni ya Dijei."

"Nilimsikia mimi."

"Ulimsikia Dijei."

"Wewe umesoma," akasema, akamenya ndizi. "Mimi nimeona."

Tuliendelea hivyo Jumapili kadhaa. Mwishowe akanidai haki: nimwonyeshe kwamba sinema ni mbaya mbele ya sinema yenyewe. Jumamosi moja ilipokuwa inarudiwa nikaenda naye. Tuliketi benchi la pili, joto la mabati likituchoma utosini, na nikajitahidi kunyamaza. Nilishindwa. Kila kilipokuja kitu ambacho hakimo kitabuni nilimnong'oneza baba, na mnong'ono wangu ni wa mwalimu, unafika hadi dirishani.

"Hapo kwa kitabu alikuwa peke yake. Huyo mvulana hayupo."

"Nyamaza kwanza."

"Na huo ukuta haukulipuliwa."

Mwanamume mmoja nyuma yetu akasema kwa upole mkubwa, "Madam, si utuwachie hiyo muvi tuimalize?"

Baba alicheka hadi akajifuta macho. Lakini tulipotoka nje, tukiwa tunatembea kando ya reli kuelekea kwenye karakana yake, akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Basi nisomee hicho kitabu chako. Nikisikie. Halafu tuongee kama watu wawili wanaojua."

Baba ni fundi wa mabati. Hutengeneza masanduku ya wanafunzi wanaokwenda shule za bweni, na msimu wa masanduku ukipita hutengeneza majiko na sufuria za kuokea. Kiingereza anakielewa, lakini maandishi madogo humchosha macho. Tukapatana kwamba Jumamosi nikimaliza masomo ya ziada nitavuka mji nije Laini Saba, nikae juu ya sanduku lililokwisha kukauka rangi, nimsomee. Nilikuwa ninapitisha macho kwenye aya moja kwa Kiingereza, kisha ninamsimulia kwa Kiswahili. Yeye anakata, anakunja. Hadithi ikipamba moto anaiweka nyundo chini, maana kelele zake zilimzuia kusikia. Wateja walikuwa wanamkuta amekaa tu, ameshika bati, wakafikiri anaumwa.

Jirani yake pale ni mama mmoja Mjaluo anayekaanga samaki. Siku ya kwanza alijifanya hasikilizi. Siku ya pili aligeuza karai lake ili aketi akituelekea.

"Huyo msichana ni wa kwetu ziwani," akatangaza tulipofika kwenye kikombe cha dawa. "Angekuwa Mluhya angekunywa yote, na aulize kama kuna mkate."

"Angekuwa Mjaluo," baba akajibu, "angewaeleza kwa Kiingereza kirefu kwa nini hanywi, wamkamate hapo hapo."

Walikuwa wanataniana hivyo, yeye Mjaluo na sisi Waluhya, miaka yote niliyowajua.

Halafu tukafika kwenye sura ya mfagiaji. Nilikuwa ninaijua inakuja, ila sikuwa nimefikiria chochote. Nje ya jumba ambamo msichana amepelekwa kufanya kazi, kila asubuhi yuko mzee anayefagia. Jumba lina wafagiaji wake. Huyu hakuajiriwa na mtu, amekuja na ufagio wake mwenyewe. Ni babake. Anavuka jiji zima ili amwone binti akipita, na hajui kama binti anamfahamu au amekuwa kama wale wengine. Binti anamfahamu, ingawa kitabu hakilisemi wazi. Lakini akithubutu kumsalimu, watajua kwamba hakunywa dawa. Basi anampita bila kugeuka, na mzee anausimamisha ufagio ili asimtie vumbi.

"Rudia hapo," baba akasema.

Nikarudia.

"Mbona mimi sikumwona huyu?"

"Kwa sinema hayupo, Baba. Msichana ni yatima tangu mwanzo."

"Walimuua?"

"La. Wamemtoa tu."

"Wamemtoa." Akauweka mkasi wa bati juu ya meza. "Mtu anavuka mji kila siku, kisha wanamtoa."

Mama wa samaki akageuza vipande kwenye mafuta, akauliza, "Na ile pikipiki ndiyo wakaiweka mahali pake?"

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mimi niliyekuwa nimekitetea kitabu wiki zote zile nikajikuta ninaitetea sinema. Nikamweleza baba kwamba sinema ina muda mfupi, kwamba huwezi kumwonyesha mtu akifagia na kufagia, kwamba watengenezaji hulazimika kuchagua. Baba alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza kama wale watu walikuwa na baba zao. Nikasema nadhani walikuwa nao. Akasema haya, soma.

Kule Kawangware nilikuwa na kikundi cha vijana tuliokutana mara moja kwa mwezi, Jumamosi jioni, katika ukumbi wa kanisa kuzungumzia vitabu. Wengi walikuwa wametoka kazini: wasichana wanaofanya kazi za nyumbani, vijana wa mjengo wanaobeba zege, wachuuzi wawili watatu, wanafunzi wangu wa zamani. Kitabu kile kilikuwa kimezunguka kwa wote, na waliokosa kitabu walikuwa wameiona sinema, kwa hiyo tulipanga mjadala. Hoja ilikuwa kwamba sinema imekiharibu kitabu. Nikamwalika baba. Alikuja amevaa koti lake la kijivu la harusi na mazishi, akaketi safu ya nyuma, kofia juu ya goti.

Mimi nilikuwa mwenyekiti, kwa hiyo sikuruhusiwa kusema upande wowote. Aliyeongoza upande wa sinema alikuwa msichana anayesuka nywele karibu na soko, mwenye sauti kubwa na roho safi.

"Watu wangu, tusidanganyane," akaanza. "Kwa kitabu huyu dem anatembea, anafikiria, anatembea tena. Ukurasa mzima anaangalia maji kwa ndoo. Kwa muvi anaenda! Unaona vitu! Alafu kuna huyo mzae wa kufagia. Mimi nilikuwa naruka hizo kurasa, walai. Kila asubuhi anafagia, na hasemi kitu. Anaboesha. Walifanya poa kumtoa."

Ukumbi ukalipuka, wengine wakishangilia, wengine wakipinga. Katikati ya kelele nikaona mkono wa baba umeinuka, wima kabisa, kama mkono wa mtoto darasani. Nikampa nafasi. Akasimama, akaikunja kofia.

"Habari zenu, vijana. Mimi sijasoma hicho kitabu. Nimesomewa." Watu wakacheka kidogo, naye akangoja. "Huyu dada ameongea vizuri. Sinema niliipenda kabla sijakijua kitabu, na bado naipenda. Ni juu ya huyo mzee tu nataka kusema. Mimi nilikuja Nairobi watoto wangu wakiwa wadogo. Mama yao alibaki nyumbani nao. Nilikuwa nawaona Krismasi, kama kazi imekuwa nzuri. Sasa mwaka mmoja nilifika mchana, mama yao yuko shambani, nikamkuta mtoto mmoja uani. Nikapiga hodi. Akaniangalia, akaingia ndani akaniletea kiti. Akasema, 'Keti hapo, mgeni, mama anakuja.' Nikakaa. Sikumwambia kitu. Nilisema wacha mama yake aje amwambie. Akaniletea na maji. Alikuwa mtoto wa adabu sana."

Akainyoosha kofia.

"Na huyo mtoto hakuwa amenyweshwa dawa yoyote. Ni vile tu maisha yako. Kwa hivyo huyo mzee wa ufagio mimi siwezi kusema anachosha. Asanteni."

Akaketi. Hakuniangalia. Mimi nilikuwa nimeinamia saa yangu kana kwamba ninapima muda wa wasemaji. Sikumbuki siku ile. Nimejaribu kuikumbuka mara nyingi tangu wakati huo, na sioni chochote: si uso wake, si kiti, si maji. Ila nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa ninawatolea wageni viti.

Msichana wa nywele alisimama tena kwa zamu yake ya kujibu.

"Mzee, pole. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeiona hivyo, na nitarudi nisome hizo kurasa nilizoruka." Kisha akaurudisha uso wake wa mashindano. "Lakini bado nasema muvi ni kali!"

Watu wakacheka, na baba ndiye aliyecheka zaidi. Tulipopiga kura kwa mikono, alinyoosha wake kwa upande wa kitabu, kisha akaunyoosha tena kwa upande wa sinema, ikabidi nimwambie mbele ya watu wote achague moja. Akasema niweke kwa kitabu. Hata hivyo sinema ilishinda, na si kwa kura chache. Baada ya hapo tulikunywa chai kwa mandazi, na nikamwona baba amezungukwa na vijana wa mjengo wakimuuliza habari za bati na zege, amefurahi kama mshindi.

Nilimsindikiza hadi stejini. Giza lilikuwa halijaingia, wachuuzi wa mboga wamejaa barabarani, tukawa tunapita kwa kufuatana. Nikauliza nikiwa nyuma yake, maana ilikuwa rahisi zaidi kumuuliza mgongo.

"Baba, yule mtoto alikuwa mimi?"

"Ulinitolea kiti kizuri," akasema bila kugeuka. "Kile cha wageni, chenye kitambaa. Wengine wangenipa kigoda."

Nikamshika mkono wa koti, tukaenda hivyo hadi stejini, na sikumwachia hadi gari lilipojaa.

Nilidhani ameridhika. Lakini baba akiona bati limekunjika vibaya hawezi kuliacha, hulirudia, na ndivyo alivyofanya na sinema ile. Wiki iliyofuata akaenda kwa Dijei, akamweleza habari za mfagiaji mwanzo hadi mwisho, akamwomba amrudishe.

Dijei akamwambia, "Mzee wangu, mimi natangaza watu wale wako kwa skrini. Mtu hayuko, nitamtoa wapi?"

"Hata 'maji si ya babako' haikuwa kwa skrini," baba akamjibu. "Binti yangu ameniambia."

Dijei akaomba siku chache afikirie.

Sinema iliporudiwa baba alinipigia simu asubuhi kunikumbusha, kana kwamba ni harusi. Nikaenda, mama wa samaki naye akaja, amemwachia dada yake karai. Banda lilijaa. Dijei alianza na mbwembwe zake za kawaida, landilodi akadai kodi ya maji, makanga wakasukuma watu, nasi tukacheka. Kisha ikafika sehemu ambapo msichana anatoka langoni mwa jumba asubuhi. Nilikuwa nimeiona mara mbili nisione kitu. Nyuma kabisa, upande wa kushoto, kuna mtu anapita akisukuma mkokoteni, mtu wa kujaza barabara tu, asiye na neno hata moja. Dijei akaisimamisha picha.

"Ngoja hapo. Mnamwona yule mzee na mkokoteni? Pale nyuma?" Sauti yake ilikuwa imepoa, haina mzaha tena. "Huyo ndiye babake. Ametoka mbali, kwa mguu. Hana mzigo kwa huo mkokoteni, ni kisingizio. Anataka tu kuona kama mtoto amekula. Na msichana amemwona. Lakini akimwita 'Baba' watamkamata. Sasa angalieni vile anavyopita."

Akaiachilia. Msichana akapita. Mwigizaji yule hakujua chochote cha haya, alikuwa anatembea tu jinsi alivyoambiwa atembee, na bado sisi sote tulimwona akimkwepa babake. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja mbele akasema polepole, "Aki, mzee." Kuanzia hapo kila walipoonekana watu barabarani, banda zima lilikuwa linamtafuta mwenye mkokoteni, na Dijei alimpata mara mbili zaidi, moja ikiwa wazi kabisa ni mtu mwingine mrefu kuliko wa kwanza. Hatukumdai maelezo.

Nje, baba alimshika Dijei mkono kwa muda mrefu, wakasemezana kwa lugha ya nyumbani.

Mimi, kwa mazoea, nikaanza kubishana kabla hatujafika njia panda. "Kwa kitabu alikuwa na ufagio. Mkokoteni umetoka wapi?"

"Kazi ni kazi."

"Na kwa kitabu hakuna anayeambiwa kwamba msichana alimwona. Mzee mwenyewe hajui. Hilo ndilo linalouma, Baba. Dijei amelisema wazi."

Baba alilitafakari hilo hadi tulipovuka reli. "Hapo uko sawa," akasema. "Hapo ameharibu kidogo. Lakini watu walihitaji kujua."

Jioni hiyo tukampigia mama nyumbani, simu tukiiweka juu ya meza ili wote tusikie. Alikuwa ameshachoka kusikia habari za sinema, lakini alituacha tuisimulie, baba akisema lake, mimi nikimsahihisha, yeye akinisahihisha. Mama akasikiliza hadi mwisho, kuku wake wakisikika nyuma.

"Sasa huyo msichana," akauliza, "mama yake alikuwa wapi wakati huo wote?"

Baba akaniangalia. Miezi yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza. Ilibidi nifungue kitabu kurasa za mwanzo.

"Alifariki wakati wa ukame," nikasema. "Kabla hadithi haijaanza. Imeandikwa kwa mstari mmoja."

"Mmoja?"

"Mmoja, Mama."

"Na wewe ulikaa Kawangware unapigisha watu kura za baba!" Alikuwa anacheka, lakini si cheko la kutuachilia. Alitaka kujua nani alimlea huyo msichana akiwa mchanga, nani alimfundisha kubana kitu mdomoni bila kukimeza, maana hilo watoto hawazaliwi nalo. Baba akaivuta simu karibu. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akimtetea mwandishi, akisema mtu hawezi kuandika yote, akitumia maneno yangu yale yale ya karakana, na mama akimkatiza kila sentensi.

Nikainuka kuwasha jiko nipike ugali. Nyuma yangu baba alikuwa anasema, "Hapana, hapana, ngoja nikueleze vizuri," akaanza upya na ule ukame.